Shamba Lililosema Kiorma

Jumamosi, 15 Novemba 1997

Baiskeli imekubali. Tairi zote mbili hazina tyubu tena. Tumezijaza kamba ya katani, tukaikaza mpaka vidole vikatoka malengelenge, na sasa miiba ya mathenge haitatulaza njiani. Inarukaruka kama mbuzi, lakini inakwenda. Rafiki yangu Bonaya, Mworma wa kwa wafugaji, amekifunika kiti kwa ngozi ya ndama aliyoilainisha mwenyewe. Mimi nimeirefusha keria kwa vyuma vya kitanda kibovu, ili ibebe vibuyu vya maziwa ya mama yake, Mama Abdia, anayeuza sokoni Garsen.

"Hii si baiskeli," Bonaya alisema. "Hii ni punda ya chuma."

Asubuhi ni yake, kwa maziwa. Mchana na usiku ni yangu. Kila akipita hapa kwetu Idsowe humwachia Mama kibuyu kidogo, na kila mara husema si zawadi, eti kimezidi tu.

Shule imefungwa mapema kwa sababu ya mvua. Nina muda wa kuandika, wala hakuna wa kuniuliza naandika nini isipokuwa Mwanaarusi, dada yangu mdogo, ambaye bado anasoma kwa kufuatisha kidole.

Jumanne, 18 Novemba

Mwaringa, fundi wa baiskeli pale Garsen, amenipa redio kaseti iliyokufa. "Wenzako wanaomba pampu," alisema, "wewe unaomba maiti." Kanda haizunguki, stesheni haishiki, lakini sehemu ya kukuza sauti ni nzima. Nimelehemu nyaya zake kwa msumari uliopashwa moto jikoni. Spika nimeitia ndani ya mzinga wa nyuki wa Babu, lile gogo lililopasuka. Nikigusa waya kwa kidole, sauti inatoka nzito kama ya mtu mzima, na inanukia asali.

Umeme ni wa dainamo. Tunaigeuza baiskeli miguu juu, Mwanaarusi anazungusha pedali kwa mikono, mimi nasikiliza. Akichoka, sauti inazama.

Ijumaa, 21 Novemba

Babu anakohoa. Kila msimu wa mahindi hulala shambani, juu ya dungu lake la miti, akipiga debe ili viboko na nyani wasile. Mvua hii itammaliza. Kitabu cha fizikia kinasema spika ndogo inaweza kufanya kazi kinyume, ikasikia badala ya kusema. Nikiweka moja shambani, nikavuta waya mpaka nyumbani, tutawasikia viboko tukiwa chini ya mabati, na Babu atalala kitandani.

Tatizo ni waya. Shamba liko mbali, ukingoni kabisa mwa mto. Nilimweleza Bonaya.

Jumapili, 23 Novemba

Bonaya amekuja na bunda la waya begani, limemchubua shingo. Ameutoa kwenye kambi ya mafundi wa barabara waliohama zamani.

"Huyo mzee yako amekohoa sana," alisema. "Hata huko kwetu tunasikia."

Jumatatu, 24 Novemba

Inafanya kazi! Tulisikia vyura, tukasikia mvua kwenye majani ya migomba, tukamsikia Babu akitema mate. Kisha Babu akausogelea mkebe nilimoificha spika, akasema, "Mwanaarusi, mke wangu, niletee uji." Mwanaarusi alicheka akaacha pedali, Babu akakatika.

Baba alisimama mlangoni akisikiliza. Hakunisifu, ila aliniuliza swali, na kwa Baba hilo ni jambo kubwa.

Babu lakini hataki kushuka. Anasema mashine inaweza kusikia kiboko ila haiwezi kumtukana.

Ijumaa, 28 Novemba

Mzee Dado, mwenyekiti wa wakulima, alikuja kuuona mtambo. Aliufuata waya kwa macho mpaka ulipoishia migombani.

"Waya umeupata wapi?"

"Kwa Bonaya, Mzee."

"Yule wa kina Dukicha? Bei gani?"

"Amenipa tu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mwaka juzi ng'ombe wa kaka yake walilala kwenye mahindi yangu. Asubuhi nikakuta mabua. Mtu wa ng'ombe akikupa kitu bure, mwanangu, angalia anapotazama."

Nimekumbuka kwamba jana Bonaya aliniuliza saa ambayo Babu husinzia. Nilidhani anamhurumia.

Jumanne, 2 Desemba

Waya umekatwa. Umekatwa, haukukatika, ncha zake zinang'aa. Ni karibu na njia ya ng'ombe.

Njia hiyo ni pana, iko kati ya shamba letu na la Mzee Dado. Ng'ombe wa Waorma huishukia kwenda kunywa mtoni, na maji yakifurika huipandia kwenda kwenye ardhi ya juu. Babu anasema aliikuta.

Jumatano, 3 Desemba

Sikuwa na waya mwingine ila kipande cha zamani chenye kutu. Nimeunga hivyo hivyo, nikakisokota kwa mkono. Bonaya aliniona nikitoka shambani akauliza kulikoni. Nilimwambia hakuna kitu. Ni mara ya kwanza kumdanganya.

Alhamisi, 4 Desemba

Kuna watu shambani.

Ilikuwa jana baada ya magharibi. Mwanaarusi alikuwa akizungusha vizuri, vyura walikuwa wengi, na nyuma ya vyura nikasikia mwanamume anaongea. Mbali, kama aliyesimama katikati ya mahindi. Kisha wa pili akamjibu. Si Kipokomo chetu, si Kiswahili. Ni Kiorma. Ninayajua maneno machache tu, yale ya sokoni na ya kwa Bonaya. Nilisikia loon, yaani ng'ombe. Nilisikia bisaan, maji. Na mara mbili, polepole, kama mtu anayetoa maagizo, nikasikia halkan. Usiku.

Asubuhi nilimkimbilia Babu. Anasema hakusikia mtu.

Ijumaa, 5 Desemba

Wamerudi, wakati uleule. Mmoja aliimba. Waorma huwaimbia ng'ombe wakinywa, kila mtu anajua.

Jumamosi, 6 Desemba

Wamerudi.

Jumapili, 7 Desemba

Wamerudi. Nilikwenda asubuhi kutafuta nyayo. Hakuna hata kwato moja, lakini mvua ilinyesha sana, na mtu mwerevu hungoja mvua.

Nimeanza kumfikiria Babu vibaya. Anakaa palepale juu yao na hasikii? Ama amezeeka kuliko tunavyojua, ama wanampa tumbaku. Naona aibu kuliandika hili, lakini nimelifikiria.

Jumatano, 10 Desemba

Bonaya amepita na baiskeli bila kutuachia kibuyu. Mama alimwita, naye akasema, "Leo hapana, Mama," akaenda. Keria ilikuwa na vibuyu lakini vilikuwa vyepesi. Nilijua kwa jinsi vilivyogongana.

Alhamisi, 11 Desemba

Hakuna maziwa. Hanitazami machoni.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikuweza kunyamaza tena. Nilimwambia Baba.

Hakusema ninaota. Alikaa chini karibu na mzinga, Mwanaarusi akazungusha, na walipoanza kuongea nikaona mkono wa Baba umeushika mguu wa stuli. Alimtuma Mama amwite Mzee Dado. Mzee Dado anakijua Kiorma cha kununulia mbuzi. Aliinama mpaka sikio likagusa gogo.

"Wanasema ng'ombe wapelekwe juu," alinong'ona. "Maji yanakuja, ng'ombe wapelekwe mahali pa juu. Juu ni wapi? Si hapa kwetu kwenye mahindi?"

Walichukua mapanga wakaita vijana, wakakimbia shambani na tochi. Mimi nilibaki kwenye mzinga. Nilisikia miguu yao ikifika, nikasikia debe la Babu, kisha Babu akiuliza nani kafa. Hawakumkuta mtu. Babu alikuwa akichoma mhindi.

"Walituona tunakuja," Mzee Dado alisema waliporudi. Kila mtu aliona ndivyo. Hata mimi, ingawa nilikuwa nimekaa pale muda wote na sikusikia mtu akikimbia.

Jumamosi, 13 Desemba

Wakulima wamekutana. Niliitwa nisimulie. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi hivyo, na sauti yangu ilitoka safi, sijui imetoka wapi. Walinisikiliza mpaka mwisho. Mzee mmoja alisema, "Kumbe huyu mtoto ana masikio ya nchi nzima," wakacheka kwa kunipenda.

Kufikia adhuhuri njia ya ng'ombe ilikuwa imezibwa, upande wake wa juu, kwa matawi ya mathenge kutoka shamba hadi shamba, marefu kuliko mtu. Vijana wanapokezana kulinda.

Nilijiona mkubwa.

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Wameongea tena, wakati uleule. Hata njia ikizibwa hawaondoki. Wana kiburi gani hawa?

Jumamosi, 20 Desemba

Bonaya ameirudisha baiskeli kabisa. Kwa kuwa njia imezibwa, kutoka kwao ni kuzunguka kote nyuma, kwenye matope, kwa hiyo aliibeba. Aliisimamisha ukutani, akakipangusa kiti kwa kiganja.

"Weka. Sina maziwa ya kubeba."

"Kwa nini huna?"

Alitazama chini. "Iko tu mambo nyumbani."

"Mambo gani?"

"Buya, hiyo miiba, wewe unajua nani alisema iwekwe?"

Nilisema sijui. Alinitazama kwa muda, na safari hii ni mimi niliyeangalia pembeni. Kama hakuwa na hatia, kwa nini hakuniambia mambo gani? Nimejiuliza hivyo jioni nzima. Na yeye kwao labda anajiuliza vivyo hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Mto umelia mchana kutwa. Wakristo wa upande wa pili wameimba hata hivyo.

Jumatano, 31 Desemba

Mfungo umeanza leo. Barabara ya Malindi imekatika. Maji yako kwenye migomba ya kwanza, rangi ya chai ya maziwa, yanasogea bila kelele. Ng'ombe wa kina Bonaya wanaonekana kutoka kwenye mwinuko wa msikiti, upande wa pili wa miiba, wamebanana kwenye kipande cha ardhi kama nzi kwenye ganda la embe. Kipande hicho jana kilikuwa kikubwa zaidi.

Vijana wa zamu wanatazama.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Baba na jirani wamemtoa Babu kwa mtumbwi. Shamba limekwisha. Linaonekana paa la dungu tu, na ndege amekaa juu yake.

Babu amekaa kitandani kwangu kama mgeni. Alipoona mzinga alisema, "Huo waya wako ulinisumbua kweli. Siku ile niliukata na jembe nikipalilia, nikasema nitamwambia, nikasahau."

"Siku gani, Babu?"

"Ile. Ulipouunga na lile liwaya lako lenye kutu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Kwa hiyo si Bonaya aliyeukata. Nilijiambia haibadilishi kitu, kwa sababu sauti nimezisikia kwa masikio yangu, na Baba kazisikia, na Mzee Dado.

Jumamosi, 3 Januari

Lazima niandike yote kwa mpangilio, maana mkono unataka kukimbia.

Baada ya futari Mwanaarusi aliomba azungushe pedali. Nilimwambia hakuna cha kusikiliza, mkebe uko chini ya maji tangu juzi, umezama futi nyingi. Alisema anataka kusikia samaki. Nikaunganisha ili anyamaze.

Mwanzoni palikuwa na mvumo tu. Hakuna vyura, hakuna mvua. Kimya cha maji. Kisha yule mwanamume akaanza kuongea.

Ni yuleyule, sauti ileile yenye pua kidogo. Loon. Bisaan. Bila vyura alisikika wazi kuliko siku zote.

Mwanaarusi aliacha pedali. "Kaka," alisema, "wanaongea chini ya maji?"

Mimi sikuwaza mashetani. Niliona yote kwa mara moja: kutu, ule urefu wa waya, sura ya kitabu inayoeleza jinsi watu wa zamani walivyonasa redio kwa waya mrefu na kipande cha madini, kinachofanya kazi kama ile kutu yangu. Nilikuwa nimeisoma. Nilipata alama nzuri.

Hapo ndipo niliposikia kelele kwenye miiba.

Nilikimbia. Bonaya na kaka yake Dukicha walikuwa upande wa pili, maji yamewafika kiunoni, nyuma yao ng'ombe wanalia. Upande wetu walikuwapo vijana na tochi, Baba, na Mzee Dado.

"Fungua!" Dukicha aliita. "Hiyo ardhi inaisha!"

"Waambieni ng'ombe wenu waogelee!" kijana mmoja alisema, na wengine wakacheka, ila si sana.

"Zinajua kuogelea," Bonaya alijibu. "Ndama ndiyo hazijui."

"Mlijua maji yanakuja," Mzee Dado alisema. "Mlipanga tangu Desemba. Tuliwasikia."

"Mlisikia nani?"

Ile sauti yangu safi ya siku ya mkutano haikuwapo. Nilimfikia Mzee Dado nikamshika kanzu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu mzima.

"Mzee, wale watu bado wanaongea."

"Watu gani?"

"Wa shambani."

"Shamba liko chini ya maji, mtoto."

"Ndiyo, Mzee."

Alinitazama. Nilimwona akianza kufahamu, kisha akikataa, kisha akianza tena. "Waje wasikie wenyewe," nilisema. "Na Bonaya aje. Yeye anaielewa lugha."

Baba ndiye aliyevuta tawi la kwanza, la kumpitisha mtu mmoja. Bonaya alipita akichanika bega. Tuliingia kwetu, walioenea ndani wakaingia, wengine wakabaki dirishani. Mwanaarusi alizungusha akiwa ameuma mdomo. Mwanamume yule akatoka ndani ya gogo la nyuki akiendelea na maneno yake.

"Audhubillahi," mtu alisema. "Majini ya mto."

"Majini gani?" Bonaya alisema. Alikuwa akitiririka maji matope kwenye sakafu ya Mama. "Huyo ni wa redio. Kila magharibi baba yangu anamsikiliza, hata ukimwita kula haji. Anasema ng'ombe zipelekwe mahali pa juu. Usilaze ng'ombe kwenye maji usiku. Anasema iko homa, ng'ombe zinatupa mimba, usichinje mgonjwa, usinywe maziwa, usiuze. Zetu zimetupa mimba tangu mwezi jana."

Mama, aliyekuwa karibu na mlango wa jikoni, alijifunika mdomo kwa leso. "Ndiyo maana ukaacha kuleta."

"Ningewaletea ugonjwa, Mama?"

Ndani ya gogo mtu alianza kuimba, na chini ya wimbo kulikuwa na ngoma na zeze. Jioni zote zile vyura walikuwa wamevimeza.

Hakuna aliyecheka. Mzee Dado aliondoka bila kuaga, na baada ya kitambo tulimsikia huko nje akiwaita vijana kwa majina, sauti imepasuka, vuteni, vuteni, nyinyi mmelala? Watu walitoka wote. Bonaya alibaki kidogo. Aliigusa ncha ya waya aliouchubukia shingo.

"Umemsikia huyu tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa Desemba."

"Na kila siku mimi napita hapa."

Naye alitoka.

Tulivuta miiba mpaka mikono ikawa damu tupu. Ng'ombe walipita katikati yetu, wamechoka hata kuogopa, na vijana waliowacheka waliwabeba ndama shingoni. Wengi walivuka. Hawakuvuka wote. Dukicha alirudi mara ya mwisho akakuta maji tu.

Jumapili, 4 Januari

Mzee Dado ametoa sehemu yake ya mwinuko ng'ombe wakae. Amesema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyetafsiri. Hakunitaja. Ningependa angenitaja.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda kwa kina Bonaya mara nyingi. Dukicha hunijibu salamu. Bonaya yuko na ng'ombe kila ninapofika.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeukunja waya uliobaki. Ule mwingine mto umeuchukua, pamoja na mkebe. Kile kipande chenye kutu nimekihifadhi.

Jumapili, 1 Februari

Idi imepita. Maji yameshuka, na njia ya ng'ombe iko wazi, ina matope mapya na kwato nyingi.

Asubuhi nilikuwa nje nikibadilisha kamba ya tairi, ile ya zamani imeoza. Kivuli kilisimama juu yangu. Alikuwa Bonaya, ana kibuyu kidogo.

"Daktari wa mifugo amekuja," alisema. "Zilizobaki ni nzima. Amesema ichemshwe, basi."

Mama aliyachemsha mpaka yakapanda mara tatu, akatumiminia vikombe viwili, akatuacha. Tulikaa baiskeli ikiwa kati yetu, miguu juu. Kiti cha ngozi kilikuwa kimeota ukungu, naye akaanza kukifuta kwa kidole.

Niliyatazama maziwa. Si kwamba niliogopa. Niliyatazama tu, labda kwa muda wa kuvuta pumzi, na nilipoinua macho nikamkuta ananiangalia.

Akachukua kikombe chake akanywa chote, bila haraka, akakigeuza juu chini nione.

Kisha nami nikanywa. Ningetoa kila nilichokiunda, mzinga na baiskeli pia, ili niwe mimi niliyeanza kunywa.